Usiku Tutalala

Mabawe, Jumamosi, 1995

Sijaandika humu muda mrefu, na sina udhuru ila aibu.

Leo nimekwenda na gitaa langu kwa Mama Restituta, mwenye baa karibu na kambi ya wakimbizi. Anatafuta mwanamuziki wa kupiga kila jioni, kwa mshahara. Nilidhani hatimaye nitaacha chaki na kuishi kwa muziki.

Nikaimba wimbo wangu, "Usiku Tutalala". Wateja wakaupokea kwa furaha, wenyeji Wahangaza na wakimbizi pamoja: "Usiku tutarara!"

Nikanyamazisha nyuzi. "Ni tutalala. Tuanze upya."

Kijana mmoja akasimama. "Shikamoo, mwalimu! Sisi tumekuja kunywa, siyo kuandika imla." Baa nzima ikacheka.

Mama Restituta akanivuta kando. "Kazi nakupa, mwalimu. Lakini ukiwasahihisha tena watu wangu, basi."

Sikukusudia. Mdomo ulijisemea wenyewe, na hilo ndilo linalonitisha. Nilidhani shule inanila mchana tu, na kwamba mwanamuziki ananisubiri nyumbani. Jioni nimejaribu kuimba peke yangu, nikajisikia nikitamka kila silabi kama niko mbele ya darasa la tatu. Huenda mwanamuziki huyo hayupo tena. Huenda miaka yote hii nimekuwa nikimtunzia nafasi mtu ambaye...

Nikiacha shule nikiwa na mdomo huu, baa itanifukuza. Nikibaki shuleni, nitazeeka nikisahihisha.

Mama Restituta anataka jibu Jumatatu. Sitaandika neno hapa kabla ya kumjibu. Jibu likiwa ni hapana, hilo nalo nitaliandika.