Kura ya Nyumba Iliyo kwa Jina Lako

Dada yangu Rehema,

Jumatatu iliyopita nilipoteza haki ya kupiga kura juu ya nyumba ninayoishi kwa miaka kumi na moja sasa, kwa sababu mkataba una jina lako, nawe uko Mwanza mwaka wa pili sasa. Naandika hadharani kwa kuwa simu zangu hupokei, na kwa kuwa wapo wengine hapa Wheaton, Marekani, waliofanya kosa letu.

Unaikumbuka siku ya kujaza fomu ya kupanga nyumba hii? Karani aliuliza mkuu wa kaya ni nani, ukaninong'oneza, "Andika lako, wewe ndiye mwenye Kiingereza." Nikakataa. "Nikutangulie wewe mkubwa? Mama akisikia?" Ukacheka: "Haya, mimi chifu wa vyumba viwili." Baridi ya kwanza ulisokota khanga yako ya kijani ukaziba ufa wa dirisha la jikoni, ukasema watu wa kaunti, wenye jengo, watakuja kulitengeneza wiki ijayo. Nimeshaandika maombi tisa. Khanga ingali pale.

Sasa kaunti inalikabidhi jengo kwa mwenye nyumba mwingine: ama kampuni, ama ushirika wetu wenyewe wapangaji. Ushirika ukishinda unaanza na madirisha, na kodi haipandi bila sisi kukubali. Milango ni sitini, kila mlango kura moja, na anayepiga ni mkuu wa kaya. Mama Njeri wa ghorofa ya pili, ninayezunguka naye kugonga milango, aliposikia alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Wee, kwani miaka hiyo yote umekuwa mgeni wa nani?"

Tunahitaji kura thelathini na moja. Ishirini na nane ni za uhakika, watatu wanayumba. Bila yako lazima niwapate wote watatu. Nikiwa na yako, wawili wanatosha. Wawili nawaweza.

Fomu ya kunikabidhi ukuu wa kaya nilishakutumia. Najua kwa nini hujaisaini: kusaini ni kukiri kwamba hutarudi tena. Nimekasirika, dada, sitaficha. Lakini juzi nimepaka rangi chumba chako, na siku ukija kututembelea kitanda kipo, mkataba uwe kwa jina la yeyote. Hilo halipigiwi kura.

Wasalimie nyumbani. Sisi tunapiga kura Jumamosi. Saini au kataa, ila niambie ndiyo au hapana kabla ya Ijumaa, saa sita mchana ya huku.

Mdogo wako