Risasi Zilizokataa Kuingia

Kijiji cha Ulemo,
Iramba, Singida.
9 Mei 1993

Mpendwa mdogo wangu Calist,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe na shemeji Raheli na watoto. Hamjambo? Kile kifua cha Raheli kimepona? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kiburi. Mvua zilikuwa za kubahatisha, lakini uwele umekubali.

Risasi ulizoninunulia kwa kibali changu, ukampa mtu aniletee, nimezipata salama. Nilifurahi hadi nikachemsha chai ya saa kumi, jambo nisilolifanya tangu tumzike mke wangu Elina.

Sasa usicheke: haziingii. Namba ni ile ile, ishirini na mbili, lakini hizi ni magnamu. Ganda lake ni refu, tena limenenepa kidogo, basi linakwama mlangoni. Bunduki ya marehemu baba inakula zile ndogo za kawaida tu. Zamani dukani kulikuwa na aina moja, ukiipata unashukuru. Siku hizi za ruksa kila kitu kipo, na mtu anapotelea humo humo.

Fundi Kefa, yule anayetutengenezea majembe, alitaka kulikwangua tundu hadi zipite. Nikamnyang'anya bunduki. Mtutu ule haukuundwa kwa baruti nyingi hivyo. Ungenipasukia usoni, na nani angejua kabla ya Jumapili, nikikosekana kanisani? Nimezifunga tena, nitazikabidhi polisi.

Kosa ni langu. Huku tukimwagiza mtu viatu tunampa kijiti kilichokatwa kwa urefu wa mguu. Mimi niliandika namba tu, kama msomi. Niliona wewe huhitaji kijiti. Si wewe uliyebeba risasi mfukoni tulipowinda kanga na baba, ukizitambua kwa vidole bila kutazama? Nakiri iliniuma. Nilikaa na lile boksi mapajani nikajiuliza kama ulichosahau ni risasi peke yake.

Ngedere wamekwisha kujua bunduki ina njaa. Wanaingia shambani mchana kweupe, wanakula huku wananitazama. Siku nyingine jua linazama sijazungumza na mtu, ila kuwatukana wao. Binti yangu Aneth, tangu aolewe Babati, barua zake zimepungua. Simlaumu, ananyonyesha.

Nimekuwekea ganda tupu la zile ndogo humu kwenye bahasha. Hicho ndicho kijiti. Lakini safari hii usimpe mtu mzigo, Calist. Miaka saba bila kuonana ni mingi. Ukizipata, njoo nazo. Ukizikosa, njoo mikono mitupu. Mwezi ujao tunavuna. Uwele ukitoka shambani ngedere nao watakwenda zao, na mimi nitakosa hata wa kumtukana.

Msalimie sana Raheli na Isaka, na umbebe kidogo kwa niaba yangu Elina mdogo, aliyerithi jina. Mungu awafunike kwa mkono wake, na barabara ya kuja huku ainyooshe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikinuna,
Simeoni