Alitoa kwa Mikono Miwili

Kaka yangu Eliakim,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Stella na watoto. Goti lako linaendeleaje? Wifi aliniambia unachechemea ila hospitali hutaki kwenda, na mimi nikamwambia huyo ndiye Eliakim tuliyezaliwa naye, atakwenda siku atakapobebwa. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu imevimba kwa kukaa sana. Baba yupo vile vile. Moyo wake haujapata nafuu na daktari ameshatuambia tusitegemee makubwa, lakini asubuhi anamaliza bakuli lake la mtori na bado anagombana na majirani juu ya mifereji.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa kalamu wakati simu zipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Unasema ndiyo, ndiyo, endelea, halafu unatoa amri kama uko gwaride. Anwani pia usiitafute hapo juu, nimeiacha makusudi. Soma tu, utafika.

Nianze na ule ugomvi wa baba na mwanao Victoria, maana wewe ulisikia upande mmoja. Tulikuwa tunatazama taarifa ya habari. Walionyesha nchi moja imeingia katika nchi nyingine kwa vifaru, na baba akasema wakubwa wa nchi hiyo wakamatwe wote, wafikishwe mahakamani. Victoria akamuuliza, kwa adabu kabisa, nilikuwepo, kwamba sisi tulipoingia Uganda ni nani alifikishwa mahakamani. Baba akajibu kuwa sisi tulivamiwa kwanza, watu wetu wa Kagera walichinjwa na nyumba zao zikachomwa, na huwezi kumfukuza chui mpaka ukingo wa shamba halafu ukarudi kulala. Victoria akasema hilo analikubali, hata chuoni wamelijadili na yeye alisimama upande wa babu yake. Ila akasema swali lake ni jingine. Mtu wa kule ambaye hakuwa na kosa, akaumizwa na askari wetu, alikwenda kushitaki wapi? Hapo ndipo baba alipompigia kelele atoke nyumbani kwake. Kisha akakupigia wewe, na wewe ukamwamuru mtoto aombe radhi. Aliomba, kaka. Alipiga magoti kwenye sakafu ya sementi, na mimi niliona aibu hata kumtazama.

Ulichokuwa hujui ni kwamba tangu siku ile baba hakulala vizuri. Mchungaji alipokuja kumletea Meza ya Bwana nyumbani, alisingizia kikohozi akakataa. Mara ya pili akasingizia tena. Mara ya tatu mchungaji akaniuliza mimi kuna nini, nikasema sijui, na ni kweli nilikuwa sijui. Halafu mchana mmoja baba akaniomba nimpelekee kiti kihambani, pale kwenye migomba karibu na kaburi la mama, akaniambia nikae chini.

Hadithi ya jasusi unaijua vizuri kuliko mimi. Kila Krismasi, nyama ikishaiva, baba alikuwa anasimulia jinsi alivyomkamata jasusi wa adui katika mji mmoja wa Uganda, anapeleka habari kwa redio, na jinsi alivyomuwahi kabla hajawamaliza wenzake. Na redio yenyewe ilikuwa pale kabatini kama ushahidi, ile ya kijivu yenye mkanda wa ngozi. Mama aliisikilizia matangazo ya vifo mpaka ilipokufa yenyewe. Tulikuwa tunaucheza mchezo ule nyuma ya zizi. Wewe ulikuwa baba, na mimi kila siku nilikuwa jasusi, kwa sababu ulisema msichana hawezi kuwa askari. Nilikufa mara nyingi sana kwenye nyasi zile. Ukakua ukaingia jeshini, leo ni meja, na wifi ananiambia kila kundi jipya la vijana unaanza nalo kwa hadithi hiyo.

Kaka, hapakuwa na jasusi.

Baba alinieleza huku anatazama kaburi la mama, hakunitazama mimi. Rafiki yake Filemon, yule wa Shirimatunda aliyekwenda naye vitani, alikanyaga bomu la ardhini, na baba ndiye aliyekusanya alichoweza kukusanya wakamzika. Kesho yake wakatumwa kupekua nyumba, kutafuta askari wa adui waliojificha. Baba akabisha kwenye mlango mmoja. Akatoka mtu mwenye redio, na baba akampiga risasi. Baadaye majirani wa mtu yule wakawaonyesha meza yake ya kazi, imejaa nyaya na vipande vya redio za watu. Alikuwa fundi. Mkubwa wao akasema iandikwe kuwa alikuwa jasusi, mambo yakaishia hapo, na redio baba akaja nayo nyumbani.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia sasa. Akasema kwa sababu ya swali la Victoria. Kwa miaka yote alikuwa anajibu swali la kama vita ile ilikuwa ya haki, na jibu lake halijabadilika, angeulizwa leo angekwenda tena. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya mlango ule. Akaniomba jambo moja tu: isale, lile jani letu la kuombea msamaha, ipelekwe kwa watu wa yule fundi kabla yeye hajafa.

Nilimwambia basi tumwite Eliakim, hiyo ni kazi ya mtoto wa kiume wa kwanza. Akasema nisikuambie, maana utatafuta wakili. Usinikasirikie mimi, nakupa maneno yake kama yalivyo.

Mji baba hakuusahau, wala kilima chenye kanisa. Mchungaji wetu akawaandikia wenzake wa kule, na ndani ya mwezi tukajua kwamba mjane wa fundi yu hai na anakaa pale pale. Sasa ujue nilipo. Siku ile uliponipigia nikakwambia niko Himo, sikukudanganya, nilikuwa Himo kweli, ila nilikuwa nangoja basi la kuvuka mpaka. Barua hii naiandikia Uganda, mezani kwa mama yule. Victoria ndiye amebaki na baba. Ndiyo, huyo huyo aliyefukuzwa.

Nilikuja na majani ya isale niliyoyafunga kwenye kitambaa chenye maji, na redio ndani ya mfuko. Njia nzima nilijiona nimebeba kitu ambacho hakikataliwi. Si ndivyo tulivyolelewa? Hata aliyekuchomea nyumba, akija na isale, unapokea na yanaisha. Nilifika uani kwao nimejaa matumaini, nikasimama nikapiga hodi kama mtu mstaarabu.

Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta maharage akainuka mbio, akaingia ndani akafunga mlango kwa komeo. Nilibaki nimesimama na mfuko wangu. Alitoka binti yake, Nakato, mtu mzima wa rika letu, aliyewahi kufanya biashara Nairobi na anajua Kiswahili. Akaniomba nisipaze sauti. Alinieleza kwamba kwa wazee wa pale Kiswahili ni lugha ya askari, wa kwao na wa kwetu, na mama yake mara ya mwisho kusikia hodi mlangoni kwake ilikuwa siku ile. Nimefundisha Kiswahili watoto wa darasa la tatu kwa miaka mingi, kaka, nimewaimbisha kuwa hodi ni heshima. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama huyo wanamwita Nalongo, kwa sababu alizaa mapacha, na marehemu walimwita Ssalongo Lubwama kwa sababu hiyo hiyo. Alipokubali kunipokea, Nakato akawa mkalimani. Nilipiga magoti, nikatoa isale, nikasema ninatoka kwa nani. Aliyatazama yale majani, akauliza ni ya nini. Nikaeleza. Akasema wanayo pale, wanaipanda mipakani mwa mashamba, na anashangaa watu waliovuka mpaka wake kwa bunduki sasa wanamletea mpaka mwingine mkononi. Akauliza kama ni kweli kwetu anayeletewa hawezi kukataa. Nikasema ni kweli. Basi akaiweka chini, karibu na magoti yangu, akasema yeye si mtu wa kwetu.

Redio aliipokea. Aliigeuza, akapapasa ule ufa wa ubavuni ambao mama yetu aliuziba kwa plasta, akabandua plasta taratibu. Alisema ufa ule aliufanya yeye, aliiangusha akiwa na mimba ya mapacha, na mumewe alimcheka badala ya kumgombeza. Kisha akalia, na mimi nikalia, lakini kila mtu alilia kivyake. Hakuna aliyemshika mwenzake.

Jioni alizungumza kidogo. Alisema askari wetu walipoingia mjini alikuwa barabarani na matawi mikononi, akishangilia, kwa maana yule mtawala wao alikuwa amewatesa vya kutosha. Alisema anajua wa kwao ndio waliotangulia kuvuka kuja kuua kwetu, na hajasikia mtu wa kwao aliyekwenda Kagera na jani lolote. Lakini mume wake hakuvuka. Hilo alilirudia mpaka Nakato akaacha kulitafsiri. Akauliza ni nani aliyenituma, ni nchi yangu au ni baba yangu. Nikasema ni baba. Akasema basi baba aseme mwenyewe.

Nikampigia Victoria, akamshikia baba simu sikioni, nami nikaweka sauti kubwa. Unajua baba alisema nini kwanza? Alitaja namba yake ya jeshi, na cheo, na jina. Nalongo akauliza, kupitia kwa Nakato, jambo moja: mume wangu aliishikaje redio?

Baba akasema kwa mikono miwili.

Nakato hakuhitaji kutafsiri, mama yake alielewa kutoka kwenye sauti. Wao, kama sisi, kitu cha heshima hukitoa kwa mikono miwili. Baba akaendelea bila kuulizwa. Alisema alijua. Alisema mtu anayekuelekezea silaha hasimami hivyo, wala jasusi hasimami hivyo. Yule alikuwa anawapa redio yake ili wamwache, na yeye aliliona hilo kabla hajavuta kidole. Lakini jana yake alikuwa amemzika Filemon, na alitaka mtu. Yeyote. Alisema hivyo, kaka, kwa sauti ile ile anayoombea chakula. Hakuomba msamaha. Nadhani aliona hana haki ya kuuomba baada ya hapo.

Nakato aliniambia baadaye kuwa mama yake alikuwa nyuma ya pazia siku ile, aliona yote. Aliuliza ili amsikie kama atadanganya.

Leo asubuhi Nalongo ameniuliza kwetu mtu akifa anazikwaje. Nimemwambia anazikwa kihambani kwake, na kabla hajashushwa historia yake inasomwa mbele ya watu wote. Akauliza ya baba itasemaje. Nilimwambia kweli, itasema alipigania nchi, akapata medali. Akasema hakatai, hayo yasomwe. Ila na mume wake asomwe humo humo, kwa jina na kwa kazi yake. Msamaha hakuniahidi. Alisema hilo ni lake na Mungu wake na halina haraka. Nimempigia baba. Amekubali, na amesema usome wewe, kwa sababu wewe ndiye unayesimulia ile nyingine.

Najua utasema jeshi litachafuka, jina la ukoo litachafuka, kaburi la marumaru ulilopanga litakuwa kichekesho. Sema. Lakini usije ukasema hukujua maneno. Nalongo ameyakubali neno kwa neno, na haya hapa: “Mwaka 1979, akiwa askari nchini Uganda, Aminieli alimpiga risasi Ssalongo Lubwama, fundi redio, akiwa mlangoni kwake. Hakuwa jasusi. Alikuwa anatoa redio yake kwa mikono miwili, na Aminieli alijua.”

Usiposoma wewe, atasoma Victoria. Nimeshamuuliza, amekubali.

Naishia hapa, Nakato amenikaribisha chakula. Wasalimie wifi Stella na watoto wote, na hilo goti lipeleke hospitali. Baba anakusalimu, Victoria anakupa shikamoo. Nalongo hakutuma salamu. Nilimuuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Elinipendo