Siku Tisa Bila Unga

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Shangazi anayekusomea naye shikamoo, na namwomba asome polepole, asiruke mstari hata mmoja. Jicho linaendeleaje? Baba alituambia daktari ameshakutoa mtoto wa jicho na kwamba bandeji itafunguliwa wiki ijayo. Tulifurahi sana. Sisi huku hatujambo. Babu anakohoa kidogo asubuhi, lakini akiulizwa husema koo linasafishia chai njia. Anasema nyumba imepoa tangu uondoke, hana wa kubishana naye.

Kwenye kifurushi kuna nusu mkate, umefungwa kwa kitambaa. Tafadhali usiuonje kwanza mpaka barua iishe. Nina sababu.

Baba bado anawasha tanuri alfajiri. Siku za kazi anatumia hamira ya dukani kama kawaida, na Jumamosi ni zamu ya mkate wako wa chachu. Nakumbuka siku uliponikabidhi ile chupa ya chachu. Ulisema Mzee huyu ana umri mkubwa kuliko baba yangu, apewe unga na maji ya vuguvugu kila asubuhi, na kifuniko kisikazwe. Ukasema mke mwenza mwema humlisha mume hata mwenzake akiwa safarini. Nilicheka, lakini niliyaweka moyoni.

Shuleni tunasoma habari za seli. Mwalimu wa biolojia alieleza jambo ambalo nilitamani ungelisikia. Alisema chachu ni viumbe hai, wadogo kiasi kwamba tone moja lina mamilioni. Wanaishi katika uchachu wanaoutengeneza wenyewe, lakini hawauachi uwaingie hivi hivi. Kwenye utando wa kila seli kuna vijipampu vinavyosukuma asidi nje bila kupumzika, kama sisi tulivyokuwa tukikumba maji jikoni mwaka ule paa lilipovuja. Nguvu za kusukuma wanazipata kwenye chakula. Chakula kikiisha, pampu hulegea, na uchachu huingia ndani.

Niliomba tumpime Mzee. Mwalimu akaniambia nilete kijiko kimoja tu. Mimi nikabeba chupa nzima, kwa sababu nilitaka darasa zima lione anavyopanda mpaka shingoni. Tulichovya karatasi ya kupimia asidi, ikageuka nyekundu, na wenzangu wakasema bibi yangu anafuga mzimu. Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Mtunza maabara akaifungia chupa kabatini ili niichukue kesho yake.

Kesho yake mtunza maabara aliugua, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Alirudi baada ya siku tisa. Kila siku nilikwenda kutega sikio kwenye mlango wa kabati, kana kwamba Mzee angeniita. Jumamosi nilimwambia baba kwamba chachu iko shuleni kwa masomo, naye akaoka kwa hamira ya dukani. Mshonaji wetu wa jirani alisema mkate ni mzuri, ila ni kama salamu ya mtu mwenye haraka.

Kabati lilipofunguliwa, maji ya kijivu yalikuwa yamesimama juu ya chachu, harufu inachoma pua, na hapakuwa na povu hata moja. Mwalimu hakunigombeza. Alisema tusimzike aliye hai. Chachu ikizidiwa huacha kukua na kuzaana, ikabaki kulinda uhai wake tu, na ile iliyozoea shida ndogo ndogo huvumilia hata kubwa. Alinishauri nimwage yote, nibakize kijiko kimoja cha chini, nikipe unga na maji, nisubiri.

Bibi, hapa ndipo penye uzito. Shangazi alipopiga simu kuniuliza kwa niaba yako kama Mzee anakula, nilijibu kwamba anakula na kushiba. Wakati huo alikuwa kabatini, siku ya sita. Nilikudanganya.

Tena kuna jingine. Siku mbili za kwanza nilizomlisha alikaa kimya. Jioni ya siku ya pili nilichukua paketi ya hamira ya baba, nikaikata, nikaishika juu ya chupa. Nilijua kwamba angepanda mara moja na hakuna ambaye angejua. Nilipoghairi na kuiondoa paketi, chembe zikaanguka, tatu au nne. Nilizitoa kwa ncha ya kijiko, lakini siwezi kuapa kwamba nilizitoa zote. Asubuhi iliyofuata niliona povu moja, dogo kama kichwa cha pini. Baada ya siku tano alifika shingoni.

Kwa hiyo sijui kama aliyeamka ni Mzee au ni mgeni. Nilimweleza baba yote. Alitafuna kipande cha mkate huu, akasema ugomvi wa wake wenza yeye hauingilii, nikuandikie mwenyewe.

Sasa onja, bibi. Ulimi wako unamjua tangu baba hajazaliwa. Ukisema ni mgeni, niambie bila kunionea huruma, nami nitajifunza kuanza upya nawe utakaporudi. Ukisema ni yeye, nitashukuru.

Babu na baba wanakusalimu, na mshonaji anaulizia jicho. Ninakungojea. Leo asubuhi nimempa unga na maji ya vuguvugu, yeyote awaye. Kifuniko sijakikaza.

Mjukuu wako,
mke mwenza mdogo