Swali Ambalo Sikumwuliza Baba

Mbeya,
11 Agosti 1957

Kaka yangu Asukile,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mufindi, na kwamba kile kikohozi cha baridi ya mashamba ya chai kimekuachia. Sisi tupo, ila tumechoka. Hata kuku wa mama wanatembea kama wametoka msibani.

Baba anaendelea. Jana alimaliza bakuli la uji, kisha akamtania mama kwamba uji ule ulipikiwa ndama. Tukacheka kidogo. Lakini viganja vyake bado vyeupe, na akifika mlangoni tu lazima akae apumzike.

Ulitaka nikueleze tangu mwanzo, maana shangazi Damari alikuandikia kwa kifupi. Baba alipovunjika mguu, damu iliganda ndani ya mshipa wa paja. Daktari akampa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, na kila Jumanne tukawa tunarudi hospitali. Daktari mwenyewe ni mgeni kutoka Ulaya, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu ya “Jambo”. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa baba. Alijivuna sana, kaka. Aliwaambia watu wote kwenye benchi kwamba Ikupa wake akiongea Kiingereza, wazungu wananyamaza. Mimi natazama miguu yangu tu.

Wiki ya nne akaanguka shambani, katikati ya pareto, midomo imekuwa majivu. Ndipo mama akasema kwamba siku nyingi choo chake kilikuwa cheusi kama masizi. Shangazi akadakia kwamba basi, kalishwa kitu, na anayepika humu ni nani? Ni mke wako Atuganile, ambaye kwa mila yetu hajapata hata kumtazama mkwewe usoni! Chakula cha baba alikuwa anakiacha jikoni, mama ndiye anakichukua. Atuganile alifunga mzigo, akambeba mtoto wenu, akarudi kwao Chimala.

Hospitali walimchoma baba sindano na kumwongezea damu. Damu yangu ndiyo iliyopatana na yake. Sasa kanisani wananiita mtoto aliyemwokoa babaye. Nikisikia hivyo natamani kuingia chini ya benchi.

Kaka, Atuganile hakumlisha mtu kitu. Ni vidonge vile. Damu ikiwa nyepesi kupita kiasi huvuja tumboni, na choo huwa cheusi. Daktari alilisema hilo siku ya kwanza kabisa, kwa Kiingereza, akaniambia mimi. Kila Jumanne aliniagiza nimwulize baba kama choo chake ni cheusi. Binti amwulize baba yake habari za choo, na watu wamejaa pale? Nilishindwa. Nilimgeukia baba nikamwuliza kama mguu unauma. Akisema hauumi, namgeukia daktari namwambia hapana, si cheusi. Jumanne tatu nilifanya hivyo. Ile ya tatu baba aliniuliza mbona daktari anasema maneno mengi na mimi namletea machache. Nikamjibu kwamba Kiingereza ni lugha ndefu. Akacheka, kaka. Aliniamini.

Umeandika kwamba hutaki kumwona Atuganile tena. Nakuomba upitie Chimala kabla ya kufika hapa. Mpe barua hii aisome mwenyewe, kisha mrudi wote pamoja na mtoto. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi.

Baba bado hajui. Nimeanza na wewe kwa sababu karatasi hainitazami. Nikitoka posta nitamwambia yeye, na mama, na shangazi. Na Jumanne, tukikaa kwenye lile benchi, nitamwuliza baba lile swali kwa sauti, wasikie wote.

Wasalimie wenzako wa kambini. Mama anakusalimu. Baba anasema ulete majani ya chai, lakini si lile vumbi la safari iliyopita.

Ni mimi mdogo wako,
Ikupa