Wadogo wa Mwambani

Kituo cha Utafiti wa Bahari,
Chumba Na. 4,
S.L.P. 61.
14 Oktoba

Mpendwa shangazi,

Hujambo? Goti linasemaje tangu utoke hospitali? Tafadhali usinijibu "tunasukuma siku" kama ulivyomjibu baba. Nataka kujua kama unapanda ngazi. Mimi ni mzima, ila vidole vimechanikachanika kwa kubandua konokono.

Nakuandikia kukushukuru, na kukuomba radhi, kwa sababu mwezi wa sita nilikukatia simu.

Unajua nilivyolia siku ile. Mwaka mzima nilikuwa nikibandua konokono wa mwambani, wale wenye gamba kama kofia, na kuwapasua kila wiki mbili ili nijue wanazaa lini. Karibu wote walikuwa majike. Mkuu wa kituo alisema utafiti wa uzazi usio na madume haufai kitu, na kwamba mwezi ukiisha bila jibu, nafasi yangu atapewa mwingine.

Nawe ukauliza, "Hao unaowapasua unawachagua vipi?" Nikasema nachukua wakubwa, wadogo wanateleza kwenye kisu. Ukacheka. "Mwanangu, umekwenda kufanya utafiti au kuchagua viazi sokoni? Miaka thelathini ya ukunga sikupima wanene peke yao." Niliona unanidharau, nikakata.

Kesho yake maji yalipokupwa nilishuka na kisu chembamba, kwa hasira zaidi kuliko kwa utii. Nilibandua wadogo sitini. Hamsini na mmoja walikuwa madume. Shangazi, nilikaa kitako juu ya mwani! Konokono hawa huanza maisha wakiwa madume, na wakishakua wengi wao hugeuka majike. Jambo hilo nililisoma chuoni, hata nikalipigia mstari, lakini mikono yangu haikuwa imelisoma.

Nilimwonyesha mkuu, akaniacha niendelee; tangu hapo nachukua wa kila kimo. Mifuko yao ya uzazi ilijaa polepole, ya majike na ya madume. Wiki iliyopita bahari ilichafuka siku tatu. Nilipowapasua tena walikuwa watupu. Mayai na mbegu, vyote walikuwa wamevimwaga majini kwa pamoja. Nimepata tarehe yangu, na nafasi yangu imeongezwa mwaka mmoja.

Ripoti ina ukurasa wa shukrani. Mkuu aliusoma, akauliza, "Huyu shangazi ni daktari wa nini?"

"Ni mkunga mstaafu."

Akakuna kidevu. "Muulize kama ana maswali mengine."

Basi nami nauliza. Nikikutumia kurasa zangu, utazisoma? Uliza lolote, hata la kunichoma. Nitakusikiliza mpaka umalize.

Nisalimie mzee wako fundi saa, na binamu yangu mwalimu pamoja na kitinda mimba wake, yule tunayemwita Kifutio. Mungu akutunze, akujalie usingizi mtamu.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye sana.