Kiatu Kwenye Foleni

Tarehe 6 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana adabu zako nazijua. Habari za huko ugenini, habari za kazi, habari za mikono yako na hizo sabuni kali za kufulia mashuka ya hoteli? Sisi wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Juzi nilipimwa presha, mashine ikaona haya, ikazima yenyewe.

Unauliza kwa nini sipokei simu. Simu inamlazimisha mtu aseme kabla hajapanga maneno. Barua ni kama kiatu: unapima, unakata, unashona, ndipo unampa mwenye mguu. Na ujue anayekuandikia aliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa maswali.

Sasa nikupe habari ya mama yako. Hajambo, ila jicho la kulia. Anaona duara dogo tu la mbele, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Zahanati wamesema ni presha ya macho. Si mtoto wa jicho, useme utangoja aive. Hii inakula kidogo kidogo, na ilichokula hairudishi. Wakaandika karatasi aende hospitali kubwa ya serikali kwa daktari wa macho.

Hapo ndipo kinyaa kinapoanza. Daktari wa macho ni mmoja kwa wilaya tatu. Anakuja mara moja kila miezi mitatu, siku ya Jumatano, anaona watu thelathini. Wa thelathini na moja anarudi nyumbani na jicho lake kama alivyokuja. Na kwa kuwa wagonjwa hawawezi kusimama saa sita mfululizo, kila mtu anavua kiatu kimoja, anakipanga kwenye foleni, kisha anakwenda kukaa benchi. Viatu ndivyo vinavyosogea. Ukiingia asubuhi unakuta ndara, raba na makubazi vimejipanga ukumbini, utadhani wenyewe wamepaa mbinguni.

Lakini usihofu. Mimi ni fundi viatu wa miaka thelathini. Kiatu changu cha ngozi ya nyati, soli ya tairi la lori, kisigino chenye misumari saba ya shaba, hakuna asiyekijua. Mwizi mmoja aliwahi kukiiba, akakirudisha na kuomba radhi.

Jambo la pili, na ni lile lile. Jumatano hiyo hiyo ya daktari, tarehe 26 mwezi huu, chama kina kura za mchujo. Anagombea udiwani Mkunga mstaafu, yule aliyekupokea wewe ulipozaliwa. Anapambana na diwani tuliye naye, ambaye watu wamemwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Mkunga ameapa akishinda atakwenda kukaa mlangoni kwa mkubwa wa wilaya mpaka tupewe daktari wa macho wa kudumu. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, kura yangu ni dawa ya mama yako. Uwanja na hospitali ni mwendo wa dakika kumi. Kwa miguu yangu, sita.

Wako katika damu,
Mjomba Fundi

*Mwanangu, usimsikilize sana. Nyati huyo alikuwa ng'ombe wa jirani. Jicho haliumi, linafifia tu. Kula vizuri. Mama.*


Tarehe 15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mnaendelea vizuri, wewe na mama na kibanda chako cha viatu. Mimi sijambo, ni vidole tu vimechubuka. Habari ya presha ilinichekesha mpaka msimamizi wangu akauliza nachekeshwa na shuka gani.

Mjomba, nakupenda, ila nakujua. Wewe ndiye uliyemshonea kiatu mtu mwenye vidole tisa mguu mmoja, na ukambakishia nafasi. Chumvi yako yote imwage kwenye mchujo. Kwenye jicho la mama usiweke hata punje.

Naomba kitu kimoja. Siku hiyo usimwache. Foleni ni mbili, mwili wako mmoja. Mkunga ana wapiga kura wengine, mama hana mdogo mwingine. Mfikishe mpaka mlangoni kwa daktari, umwone anaingia, ndipo ukapige kura ukitaka hata kwa miguu minne. Niapie, Mjomba.

Msalimie mama. Mwambie mistari yake miwili ya chini ndiyo naisoma kwanza.

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi kuliko mashuka yako. Hujambo? Vidole vyako vimepona? Sisi hatujambo, ila nimechukia mpaka mate yamekuwa machungu.

Kwanza jicho, kama ulivyoagiza. Mama yako amekwenda hospitali, foleni ilikuwa ndefu, kiatu changu kilikaa mbele kama mfalme, daktari ni mtu mwema, amempa dawa. Hilo limekwisha.

Sasa nikueleze uchafu wa mchujo, ushike pua.

Sheria ya kwanza: geti linafungwa saa nne kamili. Saa ya nani? Ya msimamizi. Jua la Mungu lilikuwa saa tatu na nusu, saa ya msimamizi ikagonga nne. Wanawake waliotoka sokoni na vikapu kichwani walibaki nje wakishika vyuma.

Sheria ya pili: kadi. Kadi yangu nimeitunza miaka kumi na tisa ndani ya kopo, haina hata kunyanzi. Bwana wa mezani pale getini akaigeuza kwa kidole kama samaki aliyelala. "Mzee, hii ya kijani imepitwa na wakati. Kadi halali ni za buluu."

Nikamuuliza, "Za buluu zimetolewa lini?"

"Jana."

"Wapi?"

"Nyumbani kwa diwani."

Mpwa wangu, hakuona hata aibu. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya vitunguu.

Sheria ya tatu: unasimama nyuma ya mgombea wako, unahesabiwa. Nyuma ya Mkunga mstari ulikwenda mpaka ukuta wa mwisho, ukapinda, ukarudi mpaka kwenye mabomba ya maji. Nyuma ya Kesho walikuwa watu arobaini na wawili na mbuzi. Msimamizi akaagiza chokaa, akachora. Anayehesabiwa ni aliye ndani ya chokaa. Upande wa Kesho chokaa ilitandazwa kama mkeka wa harusi. Upande wa Mkunga ilitosha watu kumi na tisa, nao wawe wembamba. Wakatangaza: Mkunga kumi na tisa, Kesho arobaini na tatu. Wamemhesabu na mbuzi!

Mkunga hakulia. Alikusanya khanga yake, akasema, "Nimewapokea duniani nusu ya watu waliosimama kule. Leo najuta niliwapiga mgongoni walie." Mimi nilibaki pale getini nikibishana na wale watu mpaka saa saba, sauti ikakauka. Polisi wanne walinishika, nikawaburuta wote wanne.

Mama yako anakusalimu sana.

Wako katika damu,
Mjomba Fundi


Tarehe 14 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Poleni na mchujo. Mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma mara nne, nikaihesabu kama unavyohesabu mishono. Mchujo umepewa kurasa tatu. Jicho la mama limepewa mistari miwili.

Umesema amepewa dawa. Dawa gani? Ya kumeza au matone? Mara ngapi kwa siku? Daktari mwanamume au mwanamke? Na umesema wewe mwenyewe ulikuwa getini mpaka saa saba. Basi nani alikuwa na mama?

Chini ya barua hakuna mwandiko wake. Tangu niondoke hajawahi kukosa.

Mjomba, kuna nini?

Mpwa wako


Tarehe 20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Miezi miwili. Nimekupigia mara kumi na moja, simu inaita mpaka inachoka. Simu ya mama nasikia ilitumbukia kwenye beseni. Hata hilo nimelisikia kwa jirani.

Sitakutukana. Sitaki hata ujipange. Nataka ukweli, hata ukiwa umeshonwa vibaya.

Mpwa wako


Tarehe 9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijui kama bado nastahili kuitikia.

Barua ya Aprili nilimsomea mama yako. Aliposikia "amempa dawa" akasukuma kalamu. Akasema, "Hapo sitii mkono wangu." Ndiyo maana hukuuona. Tangu siku ile kila nikishika karatasi napata kichefuchefu, na mtu ninayemtapika ni mimi.

Ilikuwa hivi. Tulifika mapema. Nilimkalisha benchi chini ya dirisha, nikavua kiatu cha kushoto, nikakipanga cha kumi na nne. Nikamwambia, "Dada, kiatu hiki wilaya nzima inakijua, nani atakigusa?"

Akanijibu, "Mdogo wangu, mimi sikioni."

Nikacheka. Nikaenda uwanjani na kiatu kimoja, nikijua ni dakika ishirini, nitarudi hata viatu vitano havijasogea. Lakini walipoikataa kadi yangu mbele za watu, sikuweza kuondoka. Miaka thelathini najulikana, halafu niondoke kama mbwa aliyefukuzwa jikoni? Nikabaki nabishana. Saa nne, saa tano, saa sita.

Niliporudi ukumbi ulikuwa mtupu, umepigwa deki. Asubuhi ile ile hospitali ilikuwa imetoa amri mpya: viatu marufuku kwenye foleni, anayehesabiwa ni aliyesimama. Hawakubandika hata karatasi. Wafagiaji walivisukuma viatu vyote kwenye kona kama takataka. Wenye macho walikimbia, wakachukua vyao, wakajipanga upya. Kliniki ya macho, mpwa wangu, inawapa nafasi wanaoona!

Mama yako, ambaye kumbe na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufifia, alipiga magoti kwenye lile lundo akawa anapapasa kiatu kimoja kimoja, akitafuta misumari yangu saba. Alidhani bila kiatu hatapokelewa. Alipokipata, daktari alikuwa amemaliza thelathini na anafunga mkoba.

Nilimkuta benchi lile lile, amekipakata. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mkunga ameshinda?"

Swali hilo nalisikia kila ninapopiga msumari.

Tumeonwa na daktari Jumatano ya pili ya mwezi wa sita, maana ya kwanza hakuja, alikuwa semina. Ni mwanamke, mpole, ana haraka. Amesema jicho la kulia limekufa. Angeonwa Machi, kilichokuwa kimebaki kingeokolewa. La kushoto limeanza, lakini lipo. Linataka matone, asubuhi na jioni, bila kukosa. Tukaenda dirisha la dawa la hospitali hiyo hiyo, tukaambiwa matone hakuna, rudini Jumatano. Tumerudi Jumatano nne. Wenye maduka ya dawa mtaani hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Diwani Kesho alishinda na uchaguzi wenyewe, akaapishwa wiki iliyopita. Alipita hospitali na watu wa kupiga picha, akaulizwa habari ya dawa. Unajua alijibu nini. Watu wakampigia makofi, mpwa wangu. Na waliopiga makofi wana wagonjwa wodini. Nilitema mate mpaka koo likauma.

Umetaka ukweli, basi chukua wote. Polisi hawakuwa wanne, hakuwepo hata mmoja. Mbuzi nilimuongeza. Kadi za buluu ni kweli. Chokaa ni kweli.

Nakuandikia nikiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Amenitaka nimsomee barua hii kwa sauti, nimesoma, na foleni nzima imesikia. Sasa anaomba kalamu.

Mjomba wako

*Mwanangu, mistari siioni, kwa hiyo usicheke ikipandana. Karatasi nimeiweka mgongoni kwa mjomba wako. Safari hii hakuna chumvi, amenisomea mara mbili. Mama mmoja nyuma yetu alisikitika mbuzi alipoondolewa. Wamesema matone yameletwa ya watu kumi. Sisi ni wa saba. Amesimama mwenyewe, viatu vyote viwili vikiwa mguuni, na kila dirisha likifunguka nasikia mgongo wake unatetemeka. Mama.*